Kitambaa Chenye Kiuno cha Nyigu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua la Al Wakrah, huko Qatar, halijaanza kuchoma vigae vya ngazi, Shamira alikuwa na kazi tatu: kumwamsha mdogo wake Fatuma, kupasha moto maandazi ya jana, na kutegua kitendawili cha baba yake.

Baba yake, Ibrahimu, aliendesha basi la wafanyakazi waliokuwa wakijenga mji mpya wa Lusail. Siku nyingine alitoka alfajiri watoto wakiwa bado usingizini. Jumamosi tu ndiyo zamu yake ilichelewa kuanza, na hapo ndipo alipoketi na wanawe, kikombe cha chai mkononi.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ananguruma kutwa kucha, lakini pumzi zake ni baridi."

"Simba mgonjwa!" Fatuma alidakia, mdomo umejaa andazi.

"Simba mgonjwa anaishi Qatar? Shamira, na wewe?"

Shamira alitafakari, kisha akainua mikono. "Nimeshindwa, Baba."

"Nipeni mji."

"Tunakupa Doha nzima na bandari yake."

"Haya. Nilikwenda Doha, nikapokewa vizuri, nikalishwa wali na kondoo, nikalala usingizi mnono. Na aliyenilaza ni huyo hapo ukutani." Akaelekeza kidole kwenye kiyoyozi. Wote wakacheka, na mama akawakumbusha kwamba darasa halimngoji mtu.

Darasa lenyewe halikuwa mbali. Lilikuwa chini ya jengo lao hilohilo, katika chumba kipana ambacho mwenye nyumba aliwaachia kila Jumamosi. Watoto wa Kitanzania, wa Kikenya na wa Kiganda walikutana humo wasije wakasahau Kiswahili. Mwalimu wao, Bi Damaris, alikuwa Mkenya kutoka Kisii. Siku za kawaida alifundisha shule ya chekechea, na Jumamosi aliwafundisha hawa bila malipo, wakubwa na wadogo pamoja.

Siku ile alikuwa amebandika ukutani picha kubwa ya mama mmoja ameketi mbele ya fremu ndefu ya mbao iliyotandwa nyuzi. Nyuma yake palikuwa na ardhi kame yenye vumbi jekundu.

"Huyu ni wa kabila la Wanavajo," alisema Bi Damaris. "Ni wenyeji wa asili wa Amerika. Mabibi zao waliwafundisha mama zao kufuma mablanketi, na mama wakawafundisha wana. Sasa niambieni, hili blanketi limetoka wapi?"

"Dukani!" walijibu wadogo kwa sauti moja.

"Na kabla ya dukani?"

Wakarudi nyuma hatua kwa hatua. Kabla ya duka, mikono ya mfumaji. Kabla ya mikono, uzi uliosokotwa na kutiwa rangi ya mimea. Kabla ya uzi, sufu ya kondoo. Kabla ya sufu, majani aliyoyala kondoo na mvua iliyoyaotesha.

"Kitendawili," alisema Bi Damaris.

"Tega!"

"Ndugu watatu wanafanya kazi moja. Mmoja aliota, mmoja aliundwa, mmoja alizaliwa. Akikosekana mmoja, kazi hailali wala haiamki."

Aliyetegua ni Oloo, kijana wa miaka kumi na mitatu aliyetoka Kisumu, mpole, mwenye miguu mirefu isiyojua pa kukaa. "Aliyeota ni maliasili, Mwalimu. Kondoo, mimea, maji. Aliyeundwa ni ile fremu, na chanuo la kushindilia uzi. Aliyezaliwa..." Akajikuna kichwa. "Ni yule mama mwenyewe."

"Umepata! Hizo ndizo rasilimali za uzalishaji. Maliasili ni vile tunavyovikuta. Nyenzo ni vile tulivyovitengeneza ili vitusaidie kutengeneza vingine. Na watu ni nguvu zao, akili zao na ujuzi wao."

Kisha akatoa kazi. Kila mwanafunzi mkubwa atawaongoza wadogo wawili. Kila kundi litafuma kitambaa kimoja, upana shibiri moja, urefu shibiri tatu. Siku ya kufunga muhula vitambaa vyote vitashonwa ubavu kwa ubavu viwe blanketi moja, litundikwe ukutani mbele ya wazazi.

"Lakini sikilizeni," aliongeza, akiinua kipande cha kadibodi alichokikata sawasawa. "Hiki ndicho kipimo cha upana. Kitambaa kisichofika kingo zake hakiwezi kushonwa na mwenzake. Kitakachobana kitabaki nje. Mna wiki tatu."

Shamira alipewa Fatuma na mtoto mwingine wa miaka saba, Philipo, aliyetoka Mwanza, mwenye pengo la meno mawili mbele. Alifurahi kupita kiasi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na miaka miwili nyuma, likizoni kwa bibi yake mjini Wete, alikuwa amefundishwa kusuka ukili, utepe wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka. Hakukuwa na mwingine darasani aliyejua hata kushika chane, majani yaliyochanwa tayari kusukwa.

"Mimi kusuka nimezaliwa nako," aliwaambia wenzake wakigawiwa nyuzi na fremu za kadibodi. "Oloo, ukikwama njoo nikufundishe."

"Nitakuja tu," Oloo alicheka. "Mimi hata kamba za viatu hunishinda. Lakini chunga, Fundi, usije ukateleza na hilo jina."

Fatuma naye alikwishamtangazia kila mtu ngazini, hadi mlinzi, kwamba kitambaa chao ndicho kitakachokaa katikati ya blanketi.

Walifumia mezani pale nyumbani, kila siku baada ya shule. Nyuzi za kusimama zilitandwa juu hadi chini. Uzi wa kulala ulipitishwa juu ya mmoja na chini ya mwingine, kisha ukashindiliwa kwa uma wa jikoni. Shamira alifanya kama alivyofundishwa na bibi yake. Sauti ya bibi ilikuwa bado masikioni: "Kaza, mjukuu wangu, kaza! Ukili uliolegea hupitisha mchanga." Basi akakaza. Kila alipopitisha uzi aliuvuta mpaka ukalia, na wadogo walipopewa zamu aliwasimamia: "Vuta! Unaogopa nini? Uzi hauna roho."

Siku ya tatu kitambaa kilianza kuingia ndani. Chini kilikuwa shibiri, katikati kikawa vidole vitano, na kikaendelea kukonda. Jumamosi ya pili Bi Damaris alipoweka kipimo chake juu, kadibodi ilichomoza pande zote mbili kama shati kubwa kwa mtu mwembamba.

"Kina kiuno cha nyigu!" alipiga kelele mtoto mmoja, na darasa zima likaangua kicheko.

Shamira alihisi masikio yanawaka. La kuuma zaidi, kitambaa cha Oloo, chenye mashimo mawili na mistari iliyopinda, kilifika kingo zote mbili.

"Ni nyuzi, Mwalimu," alisema. "Hizi si sufu. Ni za plastiki, zinanywea."

Bi Damaris aliondoa kipimo chake. "Jaribu tena. Muda upo."

Nyumbani Shamira hakula vizuri. Alimwandama baba yake hadi, siku ya pili, baada ya kazi, Ibrahimu akapitia sokoni na kurudi na madonge ya sufu ya kweli, nyekundu, nyeupe na bluu, yananuka kondoo chumba kizima.

"Haya, mama," alisema akivua viatu. "Yule "aliyeota" wa kitendawili cha mwalimu wenu nimekuletea. Nisisikie tena kilio."

Akaanza upya. Safari hii alikaza zaidi, maana sufu ilikuwa imara na haikukatika. Siku mbili tu, kiuno kikarudi. Fremu ya kadibodi nayo ikajikunja kama samaki wa kukaanga.

"Si nilisema!" Shamira aliisukuma mezani. "Kadibodi gani hii? Wale Wanavajo wana mbao!"

Bwana Japheth, mlinzi wa jengo, Mkenya aliyependa kupigilia misumari kila alipopata nafasi, alisikia malalamiko hayo ngazini. Jioni akapanda na fremu ya mbao aliyoiunda kwa vipande vya kreti za matunda, misumari imepangwa juu na chini kama meno.

"Fundi wetu, hii haikunjiki hata ukiikalia," alisema kwa fahari.

Shamira alimshukuru na kuanza mara ya tatu. Mchana mmoja mama yake alimtuma dukani mara mbili, na wakati huo Philipo na Fatuma wakaendelea wenyewe. Aliporudi alikuta Philipo amefuma mstari mpana wa bluu, na nyuzi zake zimekaa hovyohovyo, nyingine zimeinuka.

"Hivi ndivyo nilivyokufundisha? Tazama, umeziacha zinaning'inia!"

"Nimezipiga kwa uma," alijibu Philipo polepole. "Zinaenda kulala zenyewe."

"Zinaenda kulala! Hapa ni kitandani?" Akamnyang'anya uma, akaendelea yeye, na kwa hasira akavuta mara mbili ya kawaida.

Jumamosi ya tatu ikafika. Kipimo kikawekwa, na kadibodi ikachomoza tena. Wakati huu hakuna aliyecheka, na kimya kile kilimuuma Shamira kuliko kicheko. Nyuzi zilikwishabadilishwa. Fremu ilikwishabadilishwa. Watoto wote walikuwa wakimtazama yeye.

"Imekuwaje?" aliuliza Bi Damaris.

Shamira alitazama chini. Jibu likamtoka mdomoni kabla hajalipima. "Ni Philipo, Mwalimu. Anavuta nyuzi nikiwa sipo. Ameniharibia."

Philipo alifungua mdomo, pengo likaonekana, kisha akaufunga. Machozi yalimlenga lakini hayakuanguka.

"Sikuvuta," alisema kwa sauti ndogo.

"Unavuta!"

Bi Damaris alishusha pumzi. Wazazi walikuwa wanangoja mlangoni na wadogo wameanza kurushiana viatu. "Basi, Philipo, wiki hii utakaa na kundi la Oloo. Shamira, imebaki wiki moja. Ukihitaji msaada, niite."

Philipo alichukua mkoba wake. Oloo akamsogezea kiti, akamnong'oneza, "Kuja, kaka mdogo. Kwetu kazi ni mbaya lakini hatugombani."

Walipofika mlangoni kwao Fatuma akasema, "Dada, Philipo hakuvuta. Anayevuta ni wewe."

"Wewe unajua nini? Hata tarakimu zako unaziandika nyumanyuma."

"Naandika nyumanyuma, lakini macho yangu yako mbele."

Shamira alimfungia Fatuma nje ya kazi kabisa. Aliapa kufuma peke yake, mtu mwingine asiguse hata uzi mmoja. Alikiweka kando kile kitambaa cha tatu, akatanda nyuzi upya, na Jumapili, Jumatatu na Jumanne akafuma hadi vidole vikaota malengelenge. Mama yake, Latifa, alipotoka hotelini kwake katika kisiwa cha The Pearl, alikoshinda akitandika vitanda vya wageni, alimkuta bado ameinama.

"Pumzika, mwanangu. Umekuwa kama unagombana na hicho kitambaa."

"Kinanigombeza chenyewe, Mama."

Jumatano jioni alichukua rula, akapima. Chini, sentimita ishirini. Juu, kumi na tatu.

Alipima tena. Kumi na tatu.

Mezani palikuwa na sufu nzuri kuliko ya wote. Palikuwa na fremu nzuri kuliko ya wote. Wala Philipo hakuwapo, kwa hiyo hakukuwa na wa kusingiziwa. Shamira aliitupa rula chini, akajifunika uso kwa mikono na kulia kwa hasira. Uma aliomnyang'anya Philipo ulilala mezani, na kwa mara ya kwanza akaona aibu kuutazama.

Hasira ilipotulia, alijiambia kwamba angalau asipoteze sufu. Akakivuta kile kitambaa cha tatu akifumue, apate nyuzi za kuanzia tena. Fatuma, aliyekuwa amejificha nyuma ya kiti akisubiri kilio kiishe, akajitokeza.

"Usikifumue. Ngoja kwanza." Aliokota rula, akailaza juu ya kitambaa, kwenye mstari mwekundu wa kwanza. "Hapa?"

"Kumi na sita," alisema Shamira bila hamu.

Fatuma akasogeza rula hadi kwenye mstari wa bluu. "Na hapa?"

Shamira alitazama. Akainama karibu. Mstari ule wa bluu ulitokeza nje ya wenzake pande zote mbili kama kifua cha mtu aliyevuta pumzi. "Ishirini," alisema taratibu. "Ishirini kamili."

"Bluu ni ya Philipo," alisema Fatuma.

Kitambaa kizima kilikuwa kimenyongwa, isipokuwa pale tu alipopita mtoto wa miaka saba aliyesingiziwa kwamba ndiye mnyongaji.

Shamira hakulala vizuri. Kesho yake, Alhamisi, baada ya shule, alipanda ghorofa mbili hadi kwa kina Philipo. Aliyefungua ni mama yake, Jennifer, bado amevaa sare ya mapokezi ya hoteli.

"Shikamoo, Mama Philipo."

"Marahaba." Hakumkaribisha ndani mara moja. "Philipo aliniambia hataki tena darasa la Jumamosi. Nimeuliza kisa, hasemi. Wewe unakijua?"

Ingekuwa rahisi kusema hajui. Jennifer asingeuliza zaidi, na Philipo, kumbe, alikwishachagua kunyamaza. Ukimya huo wa Philipo ndio uliomshinda.

"Nakijua," alisema. "Nilimsingizia. Nilisema mbele ya watu kwamba ameharibu kitambaa. Aliyeharibu ni mimi."

Jennifer akasogea pembeni ya mlango. "Hayo usiniambie mimi. Mwenyewe yuko pale."

Philipo alikuwa sakafuni na magari yake ya vifuniko vya chupa. Aliyasikia yote lakini hakuinua kichwa.

"Philipo, nisamehe. Nilisema uongo."

"Mimi niko timu ya Oloo sasa."

"Najua. Na Jumamosi nitamwambia Mwalimu mbele ya wote, kama nilivyokusema mbele ya wote. Hata usiponisaidia nitasema. Lakini nataka kujua ulifanyaje ule mstari wa bluu. Nimepima. Ni ishirini kamili."

Sasa Philipo aliinua kichwa. "Kamili?"

"Kamili. Yangu ni kumi na tatu."

"Kumi na tatu ni ndogo sana," alisema Philipo kwa masikitiko ya kweli, akasimama.

Mezani kwa kina Shamira walitanda nyuzi upya kwenye fremu ya mbao, na Philipo akashika uzi. Aliupitisha juu na chini ya nyuzi zilizosimama, lakini hakuuvuta. Aliuacha umepinda katikati kama mgongo wa kilima.

"Unaona? Amesimama kwa sababu bado hajalala. Sasa unampiga hapa." Akashindilia kwa uma, kwanza katikati, kisha pembeni. Kilima kikashuka, na uzi ukajitandaza hadi kingo zote mbili bila kuvuta upande wowote. "Ukimvuta kabla hajalala, anakosa nafasi. Anawavuta na wenzake."

Shamira alikodoa macho. Uzi wa kulala ulihitaji urefu wa ziada ili upite juu na chini ya ule uliosimama. Yeye alikuwa akiunyima, nao ukawa unazibana nyuzi za pembeni zije ndani. Ukili ulitaka kukazwa. Blanketi lilitaka kuachiwa. Alikuwa ameibeba sheria ya mkeka na kuwashitaki kwayo sufu, fremu na mtoto wa watu.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Hakuna. Mikono yangu mifupi. Nikivuta sana sifiki."

Alipojaribu yeye, vidole vilikataa. Mara tatu alivuta bila kujua, na kila mara Fatuma alipiga kelele, "Kilima, Dada! Umevunja kilima!" Mara ya nne akakiacha. Akashindilia. Kitambaa kikabaki kipana.

Alhamisi ile na Ijumaa nzima, siku ya mapumziko, watatu hao walipokezana. Ibrahimu alipita na kuwaona, akataka kutega kitendawili, mkewe akamziba mdomo kwa kipande cha embe. Ijumaa jioni vilibaki vidole vinne vya kufuma, na macho ya wadogo yalikuwa yanafumba.

"Mtalala," Latifa aliamua. "Mtapeleka kama kilivyo."

Jumamosi, siku ya kufunga muhula, chumba kilijaa wazazi. Vitambaa vingine vilikwishatolewa kwenye fremu. Cha Shamira pekee kilikuwa bado kimetandwa, hakijaisha, na minong'ono ikaanza. Bi Damaris alimwita mbele.

Wadogo wote walikuwa wameketi sakafuni mstari wa kwanza, vichwa vimeinuliwa.

"Kabla ya kipimo, nina neno," alisema. "Jumamosi iliyopita nilisema Philipo alivuta nyuzi. Nilisema uongo. Mimi ndiye niliyekuwa navuta. Nilibadilisha sufu, nikabadilisha fremu, nikamfukuza na Philipo. Kila kitu nilikibadilisha isipokuwa mkono wangu. Philipo ndiye aliyekuwa anajua."

Oloo, kule nyuma, akaanza kupiga makofi polepole, akaona yuko peke yake, akaacha kwa aibu.

"Vimebaki vidole vinne," alisema Bi Damaris kwa utulivu, akikagua fremu. "Watoto hawa hawajawahi kuona kazi ikifanyika tangu kondoo hadi blanketi. Waonyeshe, wewe na kundi lako."

Basi wakafuma mbele ya watu. Shamira aliwaeleza wadogo kila kitu kwa zamu: hii sufu imetoka kwa kondoo, ni maliasili, fremu hii Bwana Japheth ameiunda kwa mbao za kreti, nayo pamoja na uma ni nyenzo, na anayefuma ni mtu. "Mtu gani?" aliuliza kitoto kimoja. "Huyu," alijibu Shamira, akamwachia Philipo uma. Philipo alipitisha uzi, akauacha kilima, akashindilia, na wadogo wakashangilia kila kilima kiliposhuka. Walipomaliza, Bi Damaris alikata nyuzi, akaweka kipimo juu ya kitambaa. Kadibodi haikuchomoza upande wowote.

Wazazi walipiga makofi. Jennifer alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Bi Damaris hakuketi. Aliwageukia watoto, kitambaa mkononi.

"Wanangu, leo mmeona. Sufu mbaya hubadilishwa sokoni. Fremu mbaya huundwa upya kwa misumari. Lakini ujuzi wa mtu haununuliwi popote. Huongezeka pale mwenyewe anapokubali kusema, 'Nimekosea, nionyeshe.' Shamira alipotafuta wa kumlaumu, alimfukuza mtu aliyekuwa na ujuzi anaouhitaji, na kazi ikamshinda. Aliposema kweli, mtu akarudi na kazi ikatengemaa. Msimdharau mtu kwa udogo wake, na msimtwishe mwenzenu kosa lenu. Na mimi pia nina langu." Akamwinamia Philipo. "Sikukuuliza mara ya pili. Nilikuwa na haraka. Unisamehe."

Philipo alitafakari jambo hilo kwa uzito. "Sawa, Mwalimu. Lakini kitambaa chetu kikae katikati. Fatuma alishawaambia watu."

Watu wakacheka, na Bi Damaris akatia uzi kwenye sindano.